Nane Iliyolala

Bi Somoe kakaa barazani, hatua mbili tu toka nilipo,
kijaluba cha tambuu mapajani.
Bi Mwanaate kasimama kule, mwisho wa kichochoro,
akiambiwa asogee, anarekebisha ushungi.
Kati yao, juu ya njia, wikio:
chumba kilichounga nyumba mbili,
wanachokigombania tangu arubaini ya baba yao.
Chini yake kiza, jiwe bovu, ganda la ndimu.

"Nawataka mama zangu wote wawili," kasema Rukiya,
hina haijamkauka, vidole kavitanua hewani.
"Wote. Asifanywe mmoja ukungu."

Nami somo hilo nilishalilipia.
Mkomani, mwaka juzi, nilimlenga bibi harusi,
kope zake ungezihesabu moja moja,
na nyuma yake mama mtu, uji.
Picha alinirudishia katika bahasha. Hakusema neno.
Usiku ule nikakaa na lenzi yangu kuukuu, ile pana,
milimita ishirini na nane,
nikapiga hesabu nyuma ya kalenda ya duka la unga,
nikakosea, nikafuta, nikapiga tena:
tundu libanwe hadi kumi na moja,
kioo kilenge mita mbili na nusu.
Basi kuanzia nusu ya hapo
hadi kule kusikokwisha
kila kitu kitakubalika.
Sikusema kitametameta.
Kitakubalika.

Kwenye pete ya lenzi, kusikokwisha kumeandikwa
kwa nane iliyolala ubavu.
Asiyejua huizungusha ikae katikati,
akadhani kaukamata upeo.
Kaukamata, ndiyo; kampoteza wa barazani.
Mimi naisukuma kando, ilale juu ya kumi na moja,
makali yaanguke njiani.

Nimejifunga leso kiunoni, napima kwa mkono:
dhiraa tano na shibiri.
Nimefika penye ganda la ndimu.

"Wamlenga nani?" Bi Somoe kauliza.
"Wewe, nani tena!" sauti ikaja toka kule,
na hayo, Rukiya alinambia baadaye,
ndiyo maneno ya kwanza tangu Ramadhani ya nyuma ya ile.
"Simlengi mtu," nikasema. "Nalenga ganda la ndimu."
Bi Somoe akaliangalia ganda.
Bi Mwanaate akainama kidogo, akaliangalia ganda.

Tundu dogo halina haraka, lataka mwanga wake taratibu.
Robo ya sekunde, na mashine juu ya miguu mitatu.
"Msitikisike," nikawaambia. "Msivute pumzi."
Wakaizuia, huyu huku, yule kule,
wanawake wawili wa tumbo moja,
hata tambuu ikatulia shavuni.
Paka akakatiza. Nikabonyeza.

Picha ilipotoka, Rukiya aliisogeza dirishani.
Nyuzi za mkeka wa barazani, zipo.
Pini ya ushungi kule mwisho, ipo.
Misumari ya mlango, nyufa za chokaa, zote zipo,
na ganda la ndimu, kijani hasa,
utadhani ndilo lililoolewa.
Ukungu ni paka peke yake.

Kaniuliza bei. Nikamtajia. Akataka nakala mbili,
fremu mbili, zisipishane hata kidogo.

Wikio lingali na kufuli mbili.