Kikao cha Malalamiko, Bwawa la Nairobi

Saa mbili usiku. Kifuniko cha soda
ndicho boya; vichupa viwili vya chumvi, mashua.
Jaji Nyaboke anavisogeza kwa kidole:
"Mligongana hapa?"

Mswidi anaapa. Mreno anaapa zaidi.
Shahidi ni mmoja tu, Mbithi,
kibarua wa kung'oa magugumaji,
tope limemkaukia magotini.

"Nani aligusa boya?"
"Wote. Upepo ulipolala
wakawa wanajisukuma kwa mikono,
huku wanacheka."

Kimya. Kitabu cha kanuni kinafunguliwa,
kinafungwa.
Wote wawili nje.

Mbithi haondoki.
Ana yai la kuchemsha mfukoni,
anaona haya kuomba.

Nyaboke anamsogezea
mashua ya Mreno.