Thibitisha Wewe Ni Wewe

Mpendwa Mteja, waandika, tunaelewa usumbufu wako.
Saa nane za usiku, Sohar. Kiyoyozi chakohoa.
Nasoma chini ya shuka, mtoto wa wenyewe amelala kando.

Tangu Jumanne kuna mtu anaishi kwa jina langu.
Kabadili nywila, kabadili nambari,
picha tu kaiacha: mimi na gauni la harusi ya Dzidza,
nikicheka, nikimwomba kila mtu elfu tano ya hospitali.
Kahindi katuma. Mwalimu wa kwaya katuma mara mbili,
na mia ya pole juu.

Thibitisha wewe ni wewe.
Tarakimu sita tumezituma kwa simu yako.
Simu ipi? Hiyo sasa ni yake!
Basi tuma pasipoti.
Pasipoti iko kabatini kwa madamu,
ufunguo anao shingoni.
Nikatuma kadi ya ukaazi. Kadi yaniita Niyafu.
Nyevu na Niyafu, wakajibu, hawalingani.
Ombi limefungwa. Tupe nyota, moja hadi tano.

Alfajiri, sauti ya mama, kwa simu ya jirani:
"Kanisalimu vizuri, mwanangu, vizuri kukushinda wewe.
Nikamuuliza, yule mbuzi wetu wa mguu mbovu
tulimwitaje? Kimya.
Nikamwambia haya, endelea kuugua."

Nimefungua ombi jipya.
Penye Maelezo ya Ziada nimeandika:
Kombo. Mbuzi aliitwa Kombo.
Muulizeni na yeye.