Zamu Hapa Si Foleni

Lamu, Langoni, li wima
jua; feni imegoma;
Famau huku asema:
“Padi shika mkononi.”

Mwana wa dada, mpole,
darasa la sita, yule,
hesabu kwake ni ndwele,
vita ajua moyoni.

Mbele yangu zimwi moja
limesimama, langoja,
nikaona nina haja
ya kufikiri makini.

Nikafungua orodha:
dawa, moto, ngao, fedha,
nachagua bila adha
kama niko madukani.

Paa! Zimwi lanichapa.
“Zamu yangu!” nikaapa,
“mbona wanipiga hapa?”
Famau, cheko kooni:

“Tazama ule mstari:
ukijaa, u tayari.
Zimwi nalo, si kwa siri,
lina wake pembezoni.

Muda hauna heshima,
ukisita utakoma;
chagua ungali nyuma,
zamu hapa si foleni.

Na upanga ukimeta,
bonyeza, usije juta;
mapema ni kujikata,
kuchelewa, kaburini.”

Mimi ni fundi wa hina,
mkono wangu hauna
haraka; ua kwa shina
huchanua viganjani.

Hata hina ina saa:
ukiwahi, yachakaa.
Nikacheka, nikatwaa
padi tena mapajani.

Nikauchagua moto
mstari bado mzito;
ukajaa: cheche, joto,
zimwi goti mchangani.

Likainua upanga.
Ukameta. Nikakinga.
Kisha tokeni ya mwanga
ikaisha ukutani.

Kioo cheusi, kimya.
Famau kaguna: “Haya.
Hukuhifadhi. Si mbaya.
Nani ana hamsini?”