Dole la Bi Otilia

Meza yangu moja, mwavuli mmoja,
stendi ya Pongwe, ubavuni mwa muuza mihogo ya kuchoma.
Nauza vocha, natoa fedha, nasajili laini,
na tangu gari la matangazo lipite na kipaza sauti
nimekuwa pia, bila mshahara, dirisha la serikali.

Maana siku hizi serikali imo humu:
bonyeza nyota, mia na ngapi sijui, alama ya reli,
moja kwa kodi ya kiwanja,
mbili kwa cheti cha kuzaliwa,
tatu kwa matibabu ya wazee,
sifuri kurudi ulikotoka.

Bi Otilia Mwalongo anataka tatu.
Goti la kulia, anasema, limeanza kumsemesha usiku.
Simu anayo, ya tochi, kaibana kwa mpira.
Kitambulisho anacho; siku ya kuandikishwa
mashine iliharibika, wakamwandika kwa kalamu.
Ila laini haisajiliwi kwa kalamu.
Laini yataka dole.

Tukaanza na gumba.
*Alama haisomeki. Jaribu tena.*
Nikafuta kioo kwa pindo la shati.
Cha shahada. Cha kati. Cha pete.
*Jaribu tena.*
Tukahamia mkono wa kushoto, kama watu
wanaobisha hodi mlango wa uani.
Muuza mihogo akaacha kupepea moto.
"Vyote kumi, bibi," nikasema,
na sauti iliyonitoka ilikuwa ya karani.

Akageuza kiganja nikione:
laini, jamani, laini kama mgongo wa kijiko.
Miaka thelathini na mmoja ya mkonge,
kuanika singa, kuzikung'uta, kuzilisha brashi,
na kila singa iliondoka na chake kidogo.
Wamezisuka kamba, zimefunga meli za watu.
Huko ndiko ziliko alama zangu, akasema,
waambie wakatazame kamba.

Kisha akacheka, akavuta kigoda.

"Baba yangu waliletwa manamba, toka Njombe.
Nyapara aliita namba, baba akaitika.
Mimi nikatia dole kitabu cha mshahara,
wino wa zambarau, hautoki hata kwa majivu.
Ndipo likaja darasa la jioni, watu wazima,
taa ya chemli, ubao umepasuka.
Wenzangu walitaka kusoma barua za watoto.
Mimi nilitaka kitu kimoja tu, Mbaruku:
nisitie tena dole."

Akachukua daftari langu la miamala,
kalamu ikamtetemeka,
O akaizungusha polepole kama anayefunika kikombe,
T, I, L, hadi mwisho, mstari wa chini akaupita,
jina likakaa kati ya elfu tano ya mtu wa Maweni
na deni la vocha la dereva wa bodaboda.

Nikatazama mashine. Haikuwa na pa kuliweka.

Nikamnong'oneza: nitakusajili kwa dole langu,
wengi tu tunafanya hivyo.
Akanitazama mpaka nikajishughulisha na chenji.
"Ujumbe ukija utaniita nani? Ndugu Mbaruku?
Na goti litakuwa la nani?"

Akaenda zake kwa miguu.

Jumatano akarudi. Na Jumatano iliyofuata.
Hufika mapema, kabla foleni haijafika,
vidole kavikanda mafuta ya nazi, kavifunga kitambaani
kama mayai ya kupeleka sokoni.
Anasema vinaota. Tangu aache singa, vinaota,
mwenyewe huvisikia anapochambua mchele.
Mimi sioni kitu. Nafuta kioo, nabonyeza.

Leo tulifika cha mwisho wa kushoto.
Kile kijiduara kikazunguka,
kikazunguka,
muuza mihogo akasimama na kipepeo mkononi.
*Alama haisomeki.*

Lakini ilisita.
Wote watatu tuliona. Kabla ya kukataa, ilisita.