Mtandao wa Umma

Mwaloni, saa mbili asubuhi. Harufu ya dagaa
imeingia ofisini kabla yangu
na kukalia kiti.

Mama Nyanzobe ananyoosha kidole: "Printa imesusa.
Tangu Jumatatu haijatoa hata risiti,
na watu wa Ukara hawapandi boti bila karatasi."

Printa haina kosa. Taa yake ya kijani inawaka,
iko hatua tatu tu kutoka mezani.
Aliyesusa ni kompyuta. Umeme ulikatika,
kisanduku cha mtandao kikabadilishwa,
nayo ilipoamka ikakuta jina geni hewani,
ikajiambia: hapa ni stendi, hapa ni kwa watu.
Ikajitanda khanga hadi machoni,
hata "mwangaluka" haiitiki.

Sigusi kipanya. Nafungua dirisha jeusi,
lile lisilo na picha,
kishale kikipepesa kama mtu anayesubiri umalize sentensi.
Naandika: nionyeshe wasifu wa mtandao huu.
Inajibu kwa ukavu wa karani wa mahakama:
Jina, Mwaloni 2. Namba, kumi na nne. Aina, umma.

Umma!
Printa ya Mama Nyanzobe, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma,
ati umma.

Natoa amri ya kuigeuza. Inakataa:
huna ruhusa.
Kweli, nimeingia kwa mlango wa wageni.
Natoka, narudi kama msimamizi,
naandika upya, herufi kwa herufi,
maana dirisha hili halisamehe hata nukta:
namba kumi na nne, iwe ya nyumbani.

Kimya.
Amri ikikubalika haisemi kitu;
kinachopiga kelele ni kosa.

Kisha printa ikakohoa.
Risiti za siku tatu zikamwagika hadi sakafuni,
kumi na moja za mtu mmoja,
maana Mama alibonyeza kwa hasira mara kumi na moja:
Mugeta Masatu, magunia matatu, amelipa yote.

"Huyu kaondoka juzi," asema Mama, polepole.
"Nilimwambia karatasi hakuna. Akacheka.
Akasema, mama, si unanijua?"

Anachukua moja, anaikandamiza kwa jiwe
aliloliokota mwenyewe kilimani, nyuma ya kwake.
Zile kumi anazigeuza upande mweupe
apigie hesabu.