Pale Waya Unapolala

Saa nane usiku simu inatetemeka juu ya kabati,
inasema kwa sauti ya msichana asiyewahi kuchoka:
Mgeuze.
Naamka. Magoti yananitangulia kulalamika.
Nazibrola, nakuhesabia kama tulivyohesabu kazini:
moja, mbili, na ya tatu shuka inavuta,
ubavu wa kushoto unaachana na godoro,
mto katikati ya magoti, kisigino hewani,
kisigino kisiguse kitu.

Miaka thelathini na minne nilipaka grisi nyaya
zilizobeba vigari vya wachimbaji juu ya bonde la Chiatura.
Waya haukatiki penye upepo.
Huliwa polepole pale unapolala juu ya gurudumu,
pale pale, kila siku, kimya.
Ndiyo maana tuliusogeza mita chache kila baada ya muda,
palipochoka papumzike.
Nilijua haya.
Nilijua, na bado nilikuacha chali siku tisa
baada ya kiharusi,
kwa kuwa ulionekana umestarehe.

Muuguzi Tsiuri yuko Kutaisi, na wagonjwa arobaini na mmoja.
Alikuja mara moja, akaweka programu kwenye simu,
akasema: Kila asubuhi picha,
na sarafu kando ya kidonda, nijue ukubwa wake.
Tetri ishirini. Naiosha kwa spiriti.
Haitanunua tena mkate sarafu hii.

Siku ya kwanza ulikataa.
Mdomo uliopinda ukatoa neno moja: Taa.
Nikaelewa. Miaka hamsini na moja
tulizima taa kwanza, ndipo ukavua.
Watoto watatu tuliwapata gizani.
Na sasa mimi na simu,
na mwanga wake mkali kama wa daktari wa meno,
tunachungulia chini ya kiuno chako,
mahali nilipopajua kwa kiganja tu.
Nikafumba macho, nikapiga.
Tsiuri akajibu: Baba Jumber, hili ni pazia.

Simu haioni haya. Inauliza.
Rangi: nyekundu, njano, nyeusi?
Harufu: ipo, haipo?
Maumivu: chagua sura.
Sura tano za duara, kutoka kicheko hadi kilio.
Nakuonyesha. Kidole chako kinazipita zote,
kinatua pembeni juu,
kwenye alama ya betri inayokwisha.
Nilicheka hadi nikakaa chini.

Wiki ya sita ukaomba kuona.
Nani amewahi kuuona mgongo wake mwenyewe?
Nikazipitisha picha moja moja,
nawe ukazikagua kama nyanya za sokoni,
ukitafuta iliyooza chini.
"Komamanga," ukasema, kwa ile ya tarehe tatu.
Kwa nyingine hukusema kitu.

Sentimita nne nukta mbili. Tatu nukta sita.
Tatu nukta sita.
Tatu nukta tisa: ile wiki umeme ulipokatika, simu ikafa,
nami nikalala hadi alfajiri kama mtu asiye na mke.
Nilitaka kuisogeza sarafu karibu na kamera,
kidonda kionekane kidogo.
Niliisogeza. Kisha nikairudisha.
Tsiuri hakunigombeza. Aliandika tu:
Huna saa ya kengele, ya kutia ufunguo?
Ninayo, ya karakana.
Sasa zinalia zote mbili, zikipishana dakika moja,
na jirani wa juu anagonga sakafu kwa ufagio.

Leo tatu nukta moja.
Ule ukingo wa waridi, Tsiuri anasema, ni ngozi inarudi,
lakini kisigino cha kulia hakipendi,
nikipige picha nacho, kwa mwanga wa dirisha.

Saa kumi. Mgeuze.
Nanyoosha mkono kutafuta swichi.
"Taa," unasema,
na sijui unataka niiwashe au niiache,
basi naiacha,
nakugeuza kwa kiganja.