Kabati la Kioo

Fall River, Massachusetts, mwezi wa pili.
Saa kumi alfajiri theluji imeziba mlango wa nyuma
nami nimeshakanda unga kilo arobaini.
Binti yangu Delfina hajalala.
Amekalia gunia la sukari, daftari mapajani,
anajumlisha watoto wa watu.

Thibault: elfu moja mia tano na themanini.
Mulvey: kaanzisha chama cha kusafisha mto,
ana barua ya pongezi yenye muhuri.
Yule mtoto wa daktari wa meno: fidla, Kichina,
na majira yote ya joto maabarani, akipima damu ya panya.
"Na mimi, Baba, elfu moja mia tatu na ishirini,
na ninajua kusuka mkate wa Pasaka."
Anatamka *mkate* kama mtu anayekiri wizi.

Nani kakwambia haya?
"Wote wanasema."
Wote ni wangapi?
Ananitazama kama niliyeuliza
mvua ina matone mangapi.

Sikusoma, sifichi.
Nilitoka visiwa vya Azori na miaka kumi na minne,
nikaingia kiwanda cha mashuka, kisha tanuri hili.
Lakini kabati lile la mbele nimelipanga miaka ishirini na sita
na siri yake nakupa bure:
mkate uliobonyea haukai kwenye kioo.
Ulioungua kisigino, uliopasuka mgongo,
uliogoma kuumuka kwa kuwa usiku ule kulikuwa na baridi
na mwokaji ana mawazo yake,
wote huo hutokea mlango wa nyuma, nusu bei,
na ndio unaolisha mtaa.
Mpita njia akisimama dirishani
ataapa kwamba Arruda haunguzi.

Nawe, mwanangu, umesimama nje, pua kwenye kioo,
umehesabu mikate tisa
ukaiita tanuri zima.

Darasani kwenu mko mia mbili na kumi na wawili.
Mwenye elfu na tisini hapandi juu ya meza ya chakula akatangaza.
Anakunywa maziwa yake, anafuta mdomo,
anawahi basi.
Sokha Prum yuko ukurasa gani?
"Sokha?"
Sokha anayekaa nyuma yako tangu darasa la sita.
Mama yake huchukua mikate miwili kila Jumanne.
Kijana kapata chuo cha serikali tangu Novemba,
hajamwambia mtu, maana hakuna aliyemuuliza.

Sisemi milango yote iko wazi.
Ipo michache yenye kufuli la kweli,
na hata Thibault na fedha za babu yake
anaweza kurudi na funguo mkononi.
Nasema tu kwamba nchi hii ina milango mingi
na nyinyi mmerundikana kwenye mitano,
kila mmoja akihesabu visogo vilivyo mbele yake.

Delfina anageuza kalamu. Kimya kirefu.
Mashine ya kukandia inagugumia peke yake.
Halafu, bila kuinua macho:
"Na wewe kila Jumamosi
kwa nini unazunguka na gari mpaka kwa Medeiros
kuangalia foleni yake?"

Loo.

Naenda kufungua tanuri. Hilo ndilo jibu langu.
Joto linanipiga usoni, nashukuru,
uso umepata sababu ya kuwa mwekundu.
Nimeona foleni ya Medeiros, ndiyo.
Sijawahi kuona daftari lake la madeni.

Trei ya tatu, mkate wa pembeni umeanguka katikati
kama kofia iliyokaliwa.
Delfina anaufikia kabla sijautenga,
anaumega, moshi mwembamba unapanda kwenye miwani yake.
Anatafuna. Anaandika kitu ukurasa wa mwisho,
haninionyeshi, nami siombi.

Barua zitakuja mwisho wa Machi.
Usiku wa leo pia, najua, hatalala.
Lakini sasa hivi ana njaa,
na ananyoosha mkono kuchukua kipande cha pili.